Kárpáti: Myahudi aliyetwaa dhahabu ya mieleka Berlin 1936

AGOSTI 4, 1936 inakumbukwa na wapenzi wa michezo kuwa ni siku ambayo Jesse Owens wa Marekani alimshinda Mjerumani Luz Long katika kuruka chini, ndani ya Uwanja wa Olimpiki wa Berlin. Siku hiyo hiyo, katika ukumbi wa Deutschlandhalle, si mbali na uwanja huo, ilihitimishwa mieleka ya mtindo huru. Bingwa wa uzito mwepesi, yaani wenye kilo zisizozidi 66, alikuwa Károly Kárpáti wa Hungary, na aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Wolfgang Ehrl wa Ujerumani.

Kárpáti alikuwa Myahudi. Alizaliwa katika mji wa Eger mwaka 1906, na jina la ukoo wake la awali lilikuwa Kellner. Miaka minne kabla ya Berlin, katika michezo ya Los Angeles, alipata medali ya fedha katika uzito huo huo, nyuma ya Charles Pacôme wa Ufaransa. Alifika Ujerumani akiwa ametimiza umri wa miaka 30 mwezi mmoja tu nyuma.

Wapinzani aliowakuta hawakuwa wa kubeza. Ehrl alikwisha kutwaa fedha ya mtindo wa Kigiriki na Kirumi mwaka 1932. Hermanni Pihlajamäki wa Finland, aliyeambulia shaba huko Berlin, ndiye aliyekuwa bingwa wa Los Angeles katika uzito wa chini yake.

Ikumbukwe kwamba wakati ule mieleka ya Olimpiki haikuwa na fainali kama inavyofahamika leo. Kila mshindani alianza akiwa hana alama, na kila alama aliyopewa ilikuwa ya kumharibia. Aliyembwaga mwenzake chali, mabega yote mawili yakagusa chini, hakuandikiwa kitu. Aliyeshinda kwa uamuzi wa waamuzi aliandikiwa alama moja. Aliyeshindwa alibebeshwa mbili iwapo waamuzi watatu waligawanyika, na tatu katika hali nyingine yoyote. Alama zikifika tano, safari yake iliishia hapo. Kwa hiyo mtu angeweza kupoteza pambano moja na bado akabaki mashindanoni, lakini ushindi wa kusuasua nao ulikuwa na gharama yake.

Katika utaratibu huo Kárpáti alimshinda Ehrl mbele ya watazamaji wa nyumbani kwa Mjerumani huyo. Ulikuwa ni ushindi wa mwanamichezo dhidi ya mwanamichezo, lakini mahali na wakati viliupa uzito mwingine. Sheria za Nuremberg, zilizowavua Wayahudi wa Ujerumani haki za uraia, zilikuwa hazijatimiza hata mwaka mmoja. Gretel Bergmann, mruka juu Myahudi aliyeifikia rekodi ya Ujerumani ya mita 1.60 wiki chache kabla ya michezo, aliachwa nje ya timu ya nchi yake. Dhahabu ya kuruka juu kwa wanawake ikachukuliwa na Ibolya Csák, Myahudi mwingine kutoka Hungary.

Wenyeji waliongoza jedwali la medali za michezo ile, lakini katika mieleka, kwa mitindo yote miwili, hawakupata dhahabu hata moja. Mjerumani Werner Seelenbinder, mkomunisti aliyekuwa amekusudia kuonyesha upinzani wake hadharani endapo angepanda jukwaa la washindi, alimaliza wa nne katika uzito usiozidi kilo 87. Aliuawa na utawala wa Hitler Oktoba 1944. Mwaka huo huo Lauri Koskela wa Finland, bingwa wa uzito mwepesi wa mtindo wa Kigiriki na Kirumi mjini Berlin, alifia vitani.

Hungary ilirudi nyumbani na dhahabu 10, moja ikiwa ya Kárpáti. Shukrani ya dola haikudumu. Kuanzia mwaka 1938 nchi hiyo ilitunga sheria zake yenyewe za kuwabagua Wayahudi, na vita vilipopamba moto wanaume wa Kiyahudi walipelekwa katika vikosi vya kazi za kulazimishwa kwenye uwanja wa mapigano wa mashariki. Medali ya Olimpiki haikumwokoa Kárpáti asichukuliwe.

Huko alikuwa pamoja na Attila Petschauer, mcheza vitara aliyekuwa na dhahabu mbili za timu, za mwaka 1928 na 1932. Petschauer alifariki Januari 1943. Kwa mujibu wa ushahidi alioutoa Kárpáti baadaye, walinzi wa kambi, ambao ni Wahungaria wenzao, walimtambua mwenzake huyo, wakamdhihaki kwa umaarufu wake, wakamwamuru avue nguo katikati ya majira ya baridi kali na kupanda mti, kisha wakammwagia maji yaliyomgandia mwilini.

Kárpáti mwenyewe alinusurika. Baada ya vita alirejea kwenye mieleka akiwa kocha, akafundisha vijana wa Hungary na kuandika vitabu kuhusu mchezo huo. Alifariki Budapest Septemba 1996 akiwa na umri wa miaka 90. Ukumbi wa Deutschlandhalle alimoshindia ulibomolewa mwaka 2011.