Mji wa Whitby na Bahari Yake

Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, jimboni Yorkshire, mahali mto Esk unapoingia Bahari ya Kaskazini, upo mji wa kale uitwao Whitby. Mto huo waugawa mji pande mbili, na kila upande una genge refu lililosimama juu ya maji. Mgeni apandaye ngazi ya mawe yenye vidato 199, upande wa mashariki, hufika kwenye kanisa la Mtakatifu Maria, na mbele yake huyaona magofu ya monasteri. Historia ya mji huu ni kama daftari la mali na deni: yaandikwa humo mambo ambayo bahari iliwapa wenyeji, na mambo ambayo iliwatoza.

Monasteri hiyo ilianzishwa mwaka 657. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Hild, mwanamke wa ukoo wa kifalme, aliyewasimamia watawa wanaume na wanawake. Mwaka 664 maaskofu walikutana hapo mbele ya mfalme Oswiu, likakatwa shauri juu ya hesabu ya siku ya Pasaka. Lakini njia iletayo wageni wema huleta na maadui. Katika karne ya 9 Wadenmark walikuja kwa merikebu wakaiangamiza. Ilijengwa upya baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza, kisha mfalme Henry VIII akaifunga mwaka 1539. Kuta zilizosalia ziliendelea kuwa alama ya manahodha waitafutao bandari. Hata hizo hazikuachwa kwa amani: tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Ujerumani ziliupiga mji mizinga, na magofu yakadhurika.

Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyompa James Cook elimu yake. Mwaka 1746 kijana huyu, mtoto wa kibarua wa shamba, alikuja Whitby kuwa mwanagenzi wa John Walker, mwenye meli za makaa ya mawe. Humo alijifunza ubaharia. Alipotumwa baadaye kuizunguka dunia, alisafiri kwa Endeavour, meli iliyoundwa Whitby mwaka 1764 kwa ajili ya kubeba makaa.

Sasa tuutazame upande wa deni. Tarehe 9 Februari 1861 dharuba kali ilizitupa meli nyingi pwani. Mabaharia wa mashua ya uokozi walitoka mara tano, na mara tano wakarudi na watu walio hai. Walipotoka mara ya sita, mawimbi yaliipindua mashua yao, watu wa mji wakitazama kutoka nchi kavu wasiweze kuwafikia. Kati ya watu 13, walikufa 12. Aliyepona ni Henry Freeman peke yake. Yeye alikuwa amevaa kizibao cha namna mpya, kilichoshonewa vipande vya gome jepesi lisilozama, lile litumikalo kwa vizibo vya chupa. Wenzake hawakuwa na vizibao vya namna hiyo.

Wahenga husema, ajali haina kinga. Kweli, hakuna aijuaye siku ya ajali. Lakini kizibao kile kilikuwa kimekwisha kubuniwa mwaka 1854, yaani miaka 7 kabla ya msiba. Wale 12 hawakufa kwa uoga wala kwa uvivu. Ushujaa wao ulikuwa mwingi kuliko zana zao. Maarifa yaliyokuwapo hayakuwa yamemfikia kila aliyeyahitaji.

Freeman hakuikimbia bahari. Alitumika katika mashua za uokozi zaidi ya miaka 40, akashiriki kuokoa watu zaidi ya 300, akafa mwaka 1904. Msomaji atakayepanda vidato vile 199 na ayatazame magofu ya Hild, lakini kisha ageuke atazame mlango wa bandari ulio chini yake. Hapo yapo maji. Nayo ndiyo yaliyowafundisha watu wa Whitby somo lililowagharimu kuliko yote.