Otokitoni: mwenyeji au mtu wa asili?

Ukilisikia neno otokitoni huko Walikale, mashariki mwa Kongo, uliza kwanza nani analisema. Likitoka kwa Mnyanga au Mkano wa Itebero, maana yake ni sisi tuliotangulia, na anayenyooshewa kidole ni msemaji wa Kinyarwanda, hata yule ambaye babu yake aliletwa Masisi na serikali ya Wabelgiji katika uhamisho ulioanza 1937. Likisomwa katika sheria ya Kongo namba 22/030 ya Julai 2022, maana yake ni watu wa msituni kama Watwa na Wambuti. Neno moja la Kifaransa, autochtone, limebeba watu wawili, na wa pili mara nyingi hana kiti katika baraza la wa kwanza.

Kwa maana ile ya kwanza Kiswahili kina neno tayari: mwenyeji. Ila mwenyeji hasimami bila mgeni. Yeye ndiye anayepokea, anayeonyesha mahali pa kujenga, anayedai heshima ya ardhi ipelekwe kwa mwami, yaani chifu wa mila. Mtwa atampokea nani? Ardhi hugawiwa na chifu wa mila, na Watwa aghalabu hawana chifu wao anayetambuliwa. Majirani hukiri kwamba wao ndio waliotangulia msituni, kisha huwaacha wakae kwa hisani.

Tofauti hiyo ilionekana pia hifadhi ilipoundwa. Itebero pana kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1970 upande wa milima, kilomita za mraba 600 hivi. 1975 ikapanuliwa hadi 6,000, ikashuka katika misitu ya Walikale na Shabunda. Watwa wa milimani walitolewa bila fidia. Mkulima aliyeguswa na mpaka alikuwa walau na mihogo ya kuonyesha na chifu wa kumsemea. Anayeishi kwa wavu na kurina asali haachi mtaro wala ua. Mpimaji hupita akaona msitu mtupu, na mwenyewe akirudi na wavu wake huitwa jangili.

Kwa hiyo, kwa maana ya sheria, mimi nachagua watu wa asili. Mbilikimo, ambalo kamusi bado zinalo, ni kipimo cha kimo tu. Neno wazawa tuwaachie wanasiasa wa uraia na biashara. Najua wapo watakaosikia “asili” wakafikiria ngozi na ngoma za kuchezea watalii, na hilo ni doa la kweli. Hata hivyo asili ni chimbuko, nalo halihitaji mgeni ndipo liwe na maana.

Tofauti hii inagusa mashamba. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2024, iliwapa haki Watwa wa Kahuzi-Biega na kutaka warudishiwe ardhi yao. Mfasiri akiandika “wenyeji warudishiwe ardhi”, kila mwami kandokando ya hifadhi atajibu kwamba ndiye aliyetajwa.