Ruzuku ya kilimo (Lualaba)

Ruzuku ya kilimo katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni msaada ambao serikali, au kampuni ya madini kwa amri ya serikali, huwapa wakulima wa Kolwezi na ukanda wa shaba. Ni nadra kumfikia mkulima kama fedha taslimu. Huja kama msamaha wa ushuru, mbegu, mbolea au barabara ya kutolea mazao.

Historia

Walionufaika kwanza ni walowezi. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni, kwa usimamizi wa mkuu wake wa kilimo Edmond Leplae, ilizileta Katanga familia za wakulima wa Kibelgiji na kuzisaidia kuanza maisha karibu na Élisabethville (Lubumbashi). Wengi walishindwa. Wenyeji walipata kinyume chake: kuanzia 1917 walilimishwa kwa lazima, pamba hasa, kwa tishio la faini na kifungo.

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa posho ya unga, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ikairithi desturi hiyo. Uzalishaji wa shaba ulipoanguka, kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 mwaka 1994, posho nayo ikaporomoka. Familia za Kolwezi zikageukia jembe, zikapanda mihogo na mahindi pembezoni mwa mji bila msaada wowote wa maana.

Chini ya gavana Moïse Katumbi (2007–2015), jimbo la Katanga liliagiza kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Amri hiyo ya kijasiri ilimlenga mla bukari (ugali) wa mjini kuliko mkulima mdogo, ambaye mahindi ya kampuni yalikuwa mshindani wake sokoni. Katanga iligawanywa 2015, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba.

Sheria

Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011 iliweka misingi ya kilimo, pamoja na Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo. Lakini katika Lualaba chemchemi kubwa zaidi ya fedha ni Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa Machi 2018. Mrabaha ni asilimia 3.5 kwa shaba na 10 kwa kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwaka huohuo. Asilimia 25 ya mrabaha ni ya jimbo, 15 ya sekta, utemi au manispaa yenye mgodi. Kampuni hutenga pia angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii, kilimo kikiwemo.

Fidia

Mgodi unapotwaa shamba, mwenye mimea hulipwa fidia. Hiyo si ruzuku: mwembe uliolelewa kwa miaka mingi hulipwa mara moja, na maembe yake hayarudi.





Hali ya sasa

Nchi jirani ya Zambia imewapa wakulima wake mbolea na mbegu za ruzuku tangu 2002, na mahindi yake huuzwa Kolwezi. Ukame uliotangazwa Zambia kuwa janga la kitaifa Februari 2024 ulionyesha jinsi Lualaba inavyotegemea shamba la jirani.