Gesi Ikinuka, Imekwisha Kuharibika

Nimefanya kazi miaka mingi katika vituo vya kupozea umeme, na kitu kilichonifikirisha kuliko vyote ni kile nisichoweza kukiona wala kukinusa. Naam, ni gesi ya salfa heksafloraidi, ambayo sisi mafundi huiita SF6 tu.

Walioitengeneza kwanza ni Wafaransa wawili, Henri Moissan na Paul Lebeau, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Moissan ndiye aliyefaulu kuitenga florini mwaka 1886, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mwaka uliofuata alifariki, na gesi yake hiyo nyingine ilikaa miaka mingi bila kazi ya maana. Swichi za msongo mkubwa wakati huo zilizimwa kwa mafuta, ambayo hushika moto, au kwa hewa iliyoshindiliwa, ambayo hupiga kelele kama bunduki. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Westinghouse ya Marekani ikaanza kuuza swichi za SF6. Gesi hii huzuia umeme mara mbili na nusu hivi kuliko hewa, na ule moto wa umeme unaporuka kati ya vyuma vinavyoachana, huumeza. Ikivunjika kwa joto, sehemu kubwa hurudi kuungana tena kama ilivyokuwa.

Lakini si yote inayorudi. Hapo ndipo kupima kulipoanza kuwa jambo la kufa na kupona. Mabaki yake yakikutana na unyevu huzaa asidi inayokula hata kioo, na humwacha fundi anayefungua tangi mbele ya unga mweupe wenye sumu. Gesi safi haina harufu. Ikinuka, imekwisha kuharibika, nawe umekwisha kuivuta. Kwa hiyo tunapima mambo matatu: usafi wake, unyevu wake, na dioksidi ya salfa, ambayo ndiyo humfichua mharibifu aliyemo ndani.

Geji nayo ina hila zake. Shinikizo hupanda jua likiwaka na kushuka usiku, ilhali gesi ni ileile. Ndiyo maana vipimo vya kisasa husoma msongamano: ukishuka kidogo kengele hulia, ukishuka zaidi swichi hujifunga, isikubali kufanya kazi ambayo haiiwezi tena.

Hata hivyo, kwa miongo mingi tulipima kwa ajili ya mtambo peke yake. Geji ikishuka, tuliletewa mtungi, tukajaza, tukatia sahihi. Ile iliyotoka ilikwenda wapi? Sikumbuki mtu akiuliza. Mwaka 1997, Mkataba wa Kyoto uliitaja SF6 miongoni mwa gesi zinazopasha dunia joto. Kilo moja ikivuja ni kama tani 24 hivi za kaboni dioksidi kwa hesabu ya miaka 100, nayo hudumu angani kwa karne nyingi. Kwa maoni yangu, daftari la kujazia gesi lilipaswa tangu mwanzo kuitwa daftari la kuvuja.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuiondoa katika mitambo mipya kwa hatua, kuanzia 2026 hadi 2032. Ile ya zamani, yenye maisha ya miaka 40 hivi, ingali imesimama, na bado kuna mtu anayepaswa kuizungukia na kuisoma geji.