Vyungu Ving'aavyo vya Meksiko

Chungu cha udongo ni chombo cha maskini na cha tajiri pia. Lakini vyungu si vya namna moja. Kuna nyungu ya mama zetu, isiyo na kitu juu yake ila udongo na moshi. Tena kuna chungu kilichopakwa kioo, ambacho ndani yake hung'aa kama maji yaliyotulia. Wengi hudhani tofauti yao ni uzuri tu. Sivyo. Namna ya kuvitunza si moja, na hicho cha pili kimeficha jambo lililowaletea watoto wengi madhara. Ndilo tunalotaka kulieleza hapa. Tutashika habari za nchi ya Meksiko, kwa kuwa huko jambo hilo laonekana wazi tangu mwanzo wake mpaka siku zetu.

Kwanza tujue kioo hicho ni kitu gani. Asili yake ni mchanga. Lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka moto upite digri 1700, na tanuru la kuni la mfinyanzi wa kijijini hufika 800 au 900, pengine 1000. Basi ni lazima kuuchanganya mchanga na kitu kingine cha kuuyeyusha. Watu wa kale waligundua vichache. Wamisri walitumia magadi. Wadachi wa mto Rhine walitupa chumvi ndani ya tanuru, lakini kazi hiyo yataka moto mkali mno. Wengine walitumia risasi, yaani madini yale yale ya kufanyizia risasi za bunduki. Hakuna kilichowapendeza wafinyanzi kama hiyo risasi. Huyeyuka kwa moto mdogo, hushikamana vizuri na udongo, haifanyi nyufa ovyo, tena hung'aa kuliko yote. Warumi waliitumia, na Wachina wa enzi ya Han vile vile. Wahispania walijifunza mengi katika ufundi huo kwa Waislamu waliotawala kwao miaka mingi.

Katika nchi zetu wafinyanzi hawakushika desturi ya kioo. Vyombo vya namna hiyo vilifika pwani pamoja na majahazi, kutoka Uajemi na China, na watu wa Kilwa na Gedi waliyatia mabakuli yake katika kuta za misikiti na makaburi yawe pambo. Huku bara, mahali pengi pa Kongo, mwanamke akiitoa nyungu katika moto, ingali nyekundu, huinyunyizia maji yaliyochemshwa na maganda ya miti. Maji hayo huungua juu ya udongo na kuziba vitundu vyake. Si kioo, lakini hufanya kazi iliyo karibu na ya kioo.

Watu wa Meksiko nao walikuwa hivyo zamani. Walisugua vyungu kwa jiwe laini mpaka vikawa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Kigae chao cha kuokea mikate ya mahindi, kiitwacho comal, walikipaka maji ya chokaa ili mkate usigande, na wako wanaofanya hivyo hata leo. (Kwenye pwani ya kusini palifanywa vyungu vya rangi ya kijivu ving'aavyo, ambavyo wataalamu wa Ulaya waliviita kwa jina la risasi kwa sababu ya sura yake. Walipovipima hawakuona risasi ndani yake. Jina limebaki.)

Wahispania waliingia mwaka 1519, na mwaka 1521 mji mkuu wa Waazteki ulianguka. Mji wa Puebla ulianzishwa mwaka 1531, na wafinyanzi wa Hispania walianza huko kufanya vyombo vyeupe vya kioo, ambavyo sheria za chama chao ziliandikwa mwaka 1653. Hivyo vilikuwa vyombo vya matajiri na vya nyumba za watawa. Vijijini ilienea namna iliyo rahisi zaidi: unga wa risasi iliyochomwa, ambao watu wa huko huuita greta, hukorogwa na maji na mchanga kidogo, hupakwa ndani ya chungu, na chungu hurudishwa tanuruni mara ya pili. Katika Michoacán watu husimulia kwamba Askofu Vasco de Quiroga, aliyeshika jimbo hilo tangu mwaka 1538 hata kufa kwake mwaka 1565, aligawa ufundi mbali mbali kwa kila kijiji, ili kila mmoja uwe na kitu cha kuuza kwa mwenzake. Mpaka leo Capula na Tzintzuntzan ni vijiji vya wafinyanzi. Kule Oaxaca, watu wa Santa María Atzompa hufanya vyungu vya kijani, rangi ambayo huletwa na shaba.

Sasa tuseme juu ya utunzaji, maana akina mama wa Meksiko wanayo elimu nzuri katika jambo hili. Chungu kipya hawakipikii siku ya kwanza. Hukilaza katika maji usiku kucha, kisha husugua kitako chake kwa kitunguu saumu, hukijaza maji yenye chokaa au uji wa mahindi, na kukichemsha polepole mpaka jioni. Kwa lugha yao huita kazi hiyo curar. Sisi tungesema kuganga, nalo ni neno zuri, kwa sababu kuganga ni kuponya mgonjwa, tena ni kutengeneza kilichovunjika. Maana yake yaeleweka. Udongo una vitundu vingi, hasa upande wa nje na chini, ambako kioo hakikupakwa. Uji huingia humo na kuviziba, chungu kisivuje wala kisipasuke upesi.

Mambo mengine ya utunzaji yatoka katika asili ile ile ya chombo. Udongo na kioo ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, navyo hutanuka kwa moto, lakini si kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo yule anayeweka chungu cha baridi juu ya makaa makali, au anayemimina maji ya baridi katika chungu kilichotoka jikoni, huvitenga viwili hivyo kwa nguvu. Usikie mlio mdogo, ti! Umekwisha kupata ufa mwembamba kama unywele. Kadhalika chungu kilicholowa kitako: maji yaliyo ndani ya udongo yakigeuka mvuke hutafuta njia ya kutoka. Moto uanze mdogo, chungu kiachwe kipoe chenyewe, na kisiwekwe juu ya jiwe la baridi bali juu ya kata ya majani au ubao. Tena kisisuguliwe kwa mchanga wala kwa nyuzi za chuma. Nyungu yetu huvumilia mchanga. Kioo hakivumilii, kwa maana kila mkwaruzo ni mlango wa kuingilia chakula.

Mwenye kufuata hayo yote atakaa na chungu chake miaka mingi. Na hapo ndipo penye shida. Kuganga huku huponya udongo, hakuponyi kioo. Mama aliyelaza chungu katika maji, akakichemshia uji, akakiosha kwa mkono laini, hakuondoa hata chembe ya risasi kwa kazi hiyo. Amekitunza vema chombo ambacho pengine kinamdhuru.

Sababu ni moto. Tanuru likifika joto la kutosha na mchanganyo ukiwa sawa, risasi hufungwa ndani ya kioo isitoke kwa urahisi. Tanuru la kuni la kijiji halifiki sawasawa pande zote. Sehemu ya risasi hubaki bila kufungwa, na kitu chochote kikali chaweza kuivuta: nyanya, ndimu, ukwaju, siki, pilipili iliyochachuka. Maharage yakipikwa saa nyingi huivuta nayo. Ile shaba ya rangi ya kijani huongeza ubaya, maana hulegeza kioo. Mchuzi haubadiliki rangi wala ladha. Mla haumwi tumbo siku hiyo. Risasi huingia polepole katika damu, kisha katika mifupa, na huko hukaa miaka na miaka. Mtu mzima hupata maumivu ya tumbo, udhaifu wa mikono, ugonjwa wa figo. Mtoto huharibiwa akili kabla hajaanza shule, na Shirika la Afya la Ulimwengu lasema hakuna kipimo cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Walioumia kwanza ni mafundi wenyewe. Mganga Bernardino Ramazzini wa Modena, katika Italia, aliandika mwaka 1700 kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Humo awaeleza wafinyanzi wa vyombo vya kioo: mikono yao hutetemeka, kisha hupooza, uso huwa kama wa maiti, meno huwatoka. Watu walisoma, wakaendelea kununua vyungu. Ilichukua miaka mingi kabla ya serikali kuingia katika shauri hilo. Uingereza kwa mfano ilikataza risasi isiyofungwa katika viwanda vya ufinyanzi kwa sheria ya mwaka 1947 tu. Mwaka 1970 waganga wa Montreal, Kanada, walitoa habari ya mtoto aliyekufa kwa sababu ya maji ya tufaha yaliyowekwa katika mtungi wa kioo cha risasi. Mtungi huo haukuwekwa motoni hata kidogo. Maji makali na siku kadhaa zilitosha. Ndiyo maana twasema: hata chungu unachokiamini kupikia, usikilazie chakula ndani yake.

Mwaka 1984 mataifa ya Ulaya yalipatana juu ya kipimo. Chombo hujazwa maji yenye asidi ya siki kiasi cha sehemu 4 katika 100, huachwa saa 24, kisha maji hupimwa. Chungu cha kupikia kikitoa zaidi ya miligramu 1.5 za risasi katika lita moja, hakikubaliwi. Mama wa kijijini hana vyombo vya kupimia hivyo. Lakini iko dawa ndogo ya kupaka juu ya kioo kwa pamba, ambayo hugeuka nyekundu ikikutana na risasi. Kwa macho matupu hakuna awezaye kujua, wala muuzaji sokoni.

Huko Meksiko serikali iliondoa risasi katika petroli mwaka 1997, na damu ya watu ikapata nafuu. Chungu kilibaki. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2018, kati ya watoto wa mwaka 1 hadi 4, karibu mmoja katika kila watano alikutwa na risasi iliyozidi mpaka uliowekwa, na jambo lililoonekana zaidi katika nyumba zao lilikuwa vyombo vya udongo vyenye kioo hicho. Si kwamba wazazi hawa ni wajinga. Chungu ni cha bibi yake, chakula chake ni kitamu, na jirani pia hupika hivyo.

Kuna wanaosema: vunjeni vyungu vyote, nunueni sufuria. Sisi hatuoni kuwa hayo ni mashauri mema. Yangewanyima chakula maelfu ya wafinyanzi, na sufuria nazo zina mambo yake: zile zinazoyeyushwa kwa vyuma chakavu katika Kameruni zilipimwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2014, na nazo zilikutwa zikitoa risasi. Ufinyanzi wenyewe hauna kosa. Kioo chaweza kufanywa kwa boroni badala ya risasi, nacho huyeyuka katika tanuru lile lile la kijiji. Shirika la serikali la ufundi wa mikono, FONART, limekuwa likiwafundisha wafinyanzi jambo hilo tangu miaka ya 1990.

Wengine wamekubali, wengine bado. Kioo kipya chataka kupimwa kwa mizani, wala si kwa kiganja. Kuni zataka kupangwa vizuri zaidi. Na wanunuzi wengine hunung'unika kwamba haking'ai kama cha zamani. Tena liko jambo ambalo wafinyanzi wengi hawakulitazamia. Tanuru lililochoma risasi miaka ishirini limeinywa risasi hiyo katika kuta zake. Ukiweka ndani yake vyungu vya boroni, moto huitoa tena ukutani na kuiangusha juu yao. Kwa hiyo fundi anayetaka kuacha risasi hana budi kubomoa tanuru la baba yake, kutupa mbali matofali na vigae vyake vyote, na kujenga lingine mahali pengine.