Upigaji picha wa ndege mbuai (Handeni na Korogwe)

Upigaji picha wa ndege mbuai katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ni kazi ya kuwapiga picha tai, mwewe, kozi, tumbusi na bundi wakiwa porini, pamoja na kuzihariri picha hizo kwa ajili ya utambuzi, machapisho, mashindano au kumbukumbu ya mtu binafsi. Wilaya hizi mbili hazina jina mbele ya wapiga picha kama Serengeti au ziwa Naivasha. Sifa zake nyingi zimekopwa kwa jirani, yaani milima ya Usambara, na kwa hiyo upande wa Korogwe umeandikwa sana kuliko upande wa Handeni.

Eneo

Korogwe imekaa kando ya mto Pangani, chini ya kuta za Usambara Magharibi, na inapanda mashariki hadi kwenye misitu ya Usambara Mashariki, ikiwemo Hifadhi ya Mazingira Asilia Nilo iliyotangazwa mwaka 2007. Bondeni kuna mashamba ya mkonge. Handeni ni nchi ya vilima vifupi, vichaka, mashamba ya mahindi na ardhi nyekundu.

Ndege wanaopigwa picha

Anayeonekana kila siku ni mwewe mwenye mdomo wa njano (Milvus aegyptius), yule anayepigiwa kelele na watoto pindi vifaranga vinapokimbilia uvunguni. Huzunguka juu ya stendi, machinjio na magulio, na wakulima wanapochoma mashamba kabla ya mvua huja kwa makundi, wakapita ndani ya moshi kudaka panzi wanaokimbia moto. Mpiga picha asiye na lenzi ndefu anaanzia hapo. Mwewe hushuka chini sana, hugeuza mkia wake wenye panda kama usukani, na hula panzi angani kwa kumpeleka mdomoni kwa kucha bila kutua.

Katika mashamba ya mkonge, milingoti inayobaki imesimama ni vituo vizuri vya ndege wanaowinda kwa kungoja. Tai mwenye kishungi kirefu (Lophaetus occipitalis) ni mfano wa wazi: mweusi, kishungi kikipeperuka kama unyoya uliochomekwa kofiani, anaweza kukaa muda mrefu akitazama panya chini. Kando ya Pangani yupo furukombe, mwenye kichwa cheupe na mlio unaosikika mbali. Juu ya vichaka hupita pungu (Terathopius ecaudatus), mwenye mkia mfupi kiasi kwamba miguu yake huuzidi akiruka. Tangu mwaka 2020 pungu amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, pamoja na tai mkubwa wa mbuga (Polemaetus bellicosus) na karani tamba.

Misitu ya milimani ina tai mwenye taji (Stephanoaetus coronatus), mla kima na paa wadogo. Ni rahisi kumsikia akilia juu ya msitu asubuhi kuliko kumwona akiwa ametua. Shakivale (Buteo augur) hukaa wazi zaidi, na mkia wake wa rangi ya kutu humtambulisha hata kwenye picha mbovu.

Ndege mwenye thamani kubwa kwa eneo hili ni tai mla nyoka wa pwani (Circaetus fasciolatus), anayeishi katika misitu ya ukanda wa pwani na nyanda za chini za Usambara Mashariki. Hana makeke. Ni wa kahawia na kijivu, kichwa kikubwa, na hukaa kimya ndani ya majani. Ndugu yake wa magharibi (Circaetus cinerascens) anafanana naye mno, na kinachowatenga upesi ni mkia: wa magharibi ana ukanda mmoja mpana mweupe katikati, wa pwani ana mikanda kadhaa myembamba. Picha nzuri ya uso isiyo na mkia haimalizi ubishi huo.

Kati ya Novemba na Aprili huingia wageni kutoka kaskazini: tai wa nyika za Asia (Aquila nipalensis), kozi wa Amur (Falco amurensis) anayevuka Bahari ya Hindi, na wengineo. Tumbusi ni wachache nje ya hifadhi.

Bundi

Bundi wa Usambara alielezwa kisayansi na Anton Reichenow mwaka 1908, akapewa jina la Julius Vosseler wa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara. Baadhi ya wataalamu humhesabu kuwa spishi kamili, wengine humweka chini ya bundi wa Afrika Magharibi, Bubo poensis. Bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae), aliyetambuliwa kwanza nchini Kenya katika miaka ya 1960, alipatikana Usambara Mashariki mwaka 1992. Wote wawili ni wa usiku na wa msituni. Tena bundi ana sifa mbaya vijijini, na mgeni anayeuliza alipo bundi hutazamwa mara mbili.

Historia

Kumbukumbu za mwanzo za ndege wa eneo hili ni ngozi zilizojazwa pamba. Ndege alipigwa risasi, akachunwa, akafungiwa karatasi yenye tarehe na mahali, akasafirishwa kwenda Berlin au London. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928 hadi 1946, ndiye aliyewafanya ndege wa Usambara wajulikane kwa kina, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutazama viota kwa uvumilivu.

Picha zilikuja mapema kuliko inavyodhaniwa. Carl Georg Schillings (1865–1921), Mjerumani, alisafiri bara mara kadhaa kati ya 1896 na 1904, akizunguka nchi ya Kilimanjaro na bonde la mto Pangani, ambao sehemu yake ya juu huitwa Ruvu. Alibeba kamera za sahani za kioo na unga wa magnesi wa kutoa mwanga usiku. Ng'ombe au punda alifungwa kama chambo, uzi ukatandazwa, na mnyama aliyegusa uzi alijipiga picha mwenyewe. Kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse kilitoka mwaka 1905 na kupata wasomaji wengi Ulaya. Kina picha 302, na ukurasa wake wa jina unaahidi kwamba zimechapishwa kama zilivyo, kwa uaminifu wa hati. Ahadi ya kutochezea picha, basi, ilitolewa kabla ya kuwapo kompyuta, maana hata wakati huo wachapishaji walizoea kuzipaka picha rangi kwa brashi. Majina ya wapagazi walioubeba mzigo huo wa vioo hayatajwi sana, ingawa sahani moja iliyovunjika njiani ilikuwa picha iliyopotea moja kwa moja.

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukafuata reli. Kwa miongo mingi iliyofuata kamera wilayani zilikuwa za maofisa, wamisheni, mabwana shamba na studio za mjini, ambazo kazi yao ilikuwa picha za pasi na harusi.

Vifaa na mbinu

Lenzi ya milimita 400 hadi 600 ndiyo ya kawaida. Ndege anayeruka huhitaji kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, na aliyetua anaweza kupigwa hata kwa 1/500 ikiwa mkono umetulia au kamera imeegemezwa kwenye mfuko wa maharage dirishani mwa gari. Kosa la wengi ni kuiamini mita ya kamera. Tai mweusi mbele ya anga jeupe la Korogwe hutoka kivuli kitupu, na dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu, anga likibabuka libabuke.

Saa ni muhimu kuliko kamera. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi mwanga huwa laini na ndege wako chini. Baada ya saa nne ardhi ya Handeni hupata moto, hewa huanza kucheza juu ya mashamba, na picha ya ndege aliye mbali hutetema hata kwa lenzi ya bei ya gari. Wakati huohuo ndege wakubwa huanza kupanda na hewa ya moto, kwa hiyo ni saa ya kutazama juu. Bodaboda hutumika sana kufika, lakini ndege hulivumilia zaidi gari lililozimwa kuliko mtu aliyeshuka.

Uhariri

Hatua ya kwanza ni kupiga kwa faili ghafi, ambalo huhifadhi kila kilichopokelewa na kamera. Kisha hufuata kunyoosha, kukata kingo, kurekebisha mwanga na rangi, kupunguza punje na kuongeza ukali. Programu zinazotumika ni Lightroom, Photoshop, Darktable isiyolipiwa, na Snapseed kwenye simu.

Kwa ndege mbuai uhariri una hatari ya pekee, kwa kuwa alama zinazotenganisha spishi ni ndogo na zipo palepale mhariri anapopenda kugusa. Tai wa nyika za Asia na tai mwekundu wa hapa (Aquila rapax) hutofautishwa na pembe ya njano ya mdomo: kwa wa Asia hufika mwisho wa jicho, kwa wa hapa huishia katikati ya jicho. Aliyeweka kivuli kizito usoni ili ndege aonekane mkali ameifuta alama hiyo. Vilevile mdomo wa mwewe: wa njano ni mkazi wa Afrika, mweusi ni mgeni wa Ulaya au Asia, au kinda wa huyohuyo wa hapa. Kukoleza rangi kwa kidole kimoja kwenye simu kunatosha kumbadilishia ndege uraia.

Ardhi nyekundu nayo ina mchezo wake. Ndege anayepita chini juu ya shamba lililolimwa hurudishiwa mwanga wa udongo, tumbo jeupe likawa la rangi ya chungwa. Mhariri asiyejua huiacha na kutangaza ndege mpya, na anayejua nusu huisafisha mpaka tumbo la kahawia hafifu la shakivale kijana likawa jeupe. Njia salama ni kupima rangi kwa kitu kinachojulikana katika picha ileile, kama vile nguzo ya zege au wingu.

Programu za akili mnemba za kuondoa punje zimeongeza tatizo. Zinapokosa taarifa hutunga manyoya yanayofanana na kweli. Katika mashindano makubwa waandaaji hudai faili ghafi la mshindi, na wengine walishavuliwa tuzo: mwaka 2010 mshindi wa Wildlife Photographer of the Year aliondolewa kwa mbwamwitu aliyeonekana kuwa wa kufugwa, na mwaka 2018 mwingine akaondolewa kwa mla mchwa aliyefanana kupita kiasi na yule aliyekaushwa mlangoni mwa hifadhi.

Kukata kingo hakukatazwi, ila mkia ubaki.

Maadili na sheria

Naivasha, Kenya, wenye boti hupiga mluzi na kurusha samaki ili furukombe ashuke mbele ya kamera. Picha nyingi maarufu za ndege huyo zimepatikana hivyo, na si vibaya msomaji kujua. Viota havifai kusogelewa: tai aliyeondoka kwa hofu huacha kinda juani. Bundi nao hujilinda, na mpiga picha Mwingereza Eric Hosking alipoteza jicho moja mwaka 1937 kwa kucha za bundi aliyemkaribia kiotani. Ramani ya mahali iliyofichwa ndani ya faili ifutwe kabla ya kusambaza picha ya kiota, kwa sababu kozi wana soko.

Wanyamapori wanalindwa na Sheria Na. 5 ya 2009, kuingia misitu ya hifadhi kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na droni huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Karibu na kituo cha umeme cha Hale, kilichojengwa miaka ya 1960, ombeni ruhusa kabla ya kuinua lenzi ndefu.

Hali ya sasa

Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulichunguza spishi 42 za ndege mbuai wa Afrika na kuona kwamba asilimia 88 zimepungua. Takwimu zake zilitoka Afrika Magharibi, Kamerun, Kenya na Botswana, bila Tanzania kuwamo. Picha zenye tarehe na mahali hupokelewa na hifadhidata kama eBird. Mwenye picha ya tai mla nyoka aliyopiga upande wa Handeni aitunze pamoja na faili lake ghafi, aandike tarehe na jina la kijiji, na asiukate mkia.