Hasara za gari la haibridi: mafuta utaokoa, ila betri inakusubiri

Toyota Prius, Toyota Aqua, Honda Fit. Pita yadi yoyote ya magari yaliyotumika kutoka Japani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, na dalali atakwambia maneno yaleyale: "Hili bosi halili mafuta."

Hajakudanganya. Mjini, kwenye foleni, gari la haibridi linakula mafuta kidogo kweli. Shida ni kwamba hasemi gharama zinazokuja baadaye, na gharama hizo hazimpati sana aliyelinunua likiwa jipya. Zinampata mnunuzi wa pili au wa tatu. Kwa Afrika Mashariki, huyo ndiye wewe.

Gari hili lina injini ya petroli na mota ya umeme. Mota inatumia umeme wa betri kubwa, na betri hiyo inachajiwa na injini pamoja na nguvu inayopatikana gari linapopunguza mwendo. Haya ya kawaida huchomeki popote.

Betri ndiyo hesabu yenyewe

Prius ya kizazi cha pili na cha tatu (kuanzia 2003 hadi katikati ya miaka ya 2010) ina betri ya volti 201.6. Ndani yake kuna vipande 28 vilivyounganishwa kwa mstari, kila kimoja volti 7.2. Aqua ina vipande 20, jumla volti 144. Kwa kuwa vimeungwa kwa mstari, kipande kimoja kikichoka kinaivuta betri nzima chini.

Hapo ndipo fundi anakwambia, "Tubadilishe viwili vibovu tu, utaokoa hela." Gari linawaka, unaondoka unafurahi. Baada ya miezi michache kinakufa kingine, kwa sababu vipande vyote vina umri mmoja na vimepigwa na joto lilelile. Watu wamerudi gereji mara tatu, nne, na mwisho wakanunua betri nzima waliyokuwa wanaikwepa.

Betri hizi si mbovu kwa asili. Zipo zinazovuka miaka 10. Ila angalia umri wa gari linapofika kwako. Kenya inakataa gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mengi yanaingia yakiwa na miaka 6 au 7. Tanzania yanaingia hata ya zaidi ya hapo, kwa kulipiwa ushuru wa ziada. Marekani, Toyota ilitoa waranti ya betri ya miaka 8 kwa magari haya, na kuanzia matoleo ya 2020 ikapandisha hadi miaka 10. Waranti hiyo haipandi meli. Ukinunua yadi, betri ikifa kesho ni juu yako.

Fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Tuseme gari la kawaida linakwenda kilomita 12 kwa lita moja na la haibridi kilomita 18. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka, kama dereva wa teksi ya mtandao, anaokoa lita 550 hivi. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya Sh1.6 milioni. Sasa yule anayekwenda kazini na kanisani tu, kilomita 6,000 kwa mwaka, anaokoa lita 167, yaani kama Sh500,000. Uliza bei ya betri nzima kwa muuza spea, igawanye kwa hicho unachookoa, utajua ni miaka mingapi ya mafuta inaliwa siku moja.

Na hesabu hiyo ni ya mjini. Kwenye safari ndefu, mwendo wa kasi moja bila kushika breki, mota haina kazi kubwa na betri hairudishiwi umeme mara kwa mara. Anayeishi kwa kusafiri Dar hadi Dodoma kila wiki asitegemee maajabu aliyosimuliwa na jirani anayeshinda kwenye foleni ya Ubungo.

Vumbi na joto

Hili wengi hawalijui. Betri kubwa inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu dogo lililo pembeni ya siti ya nyuma. Ukiweka begi pale, au mtoto akitupa nguo, hewa inaziba. Ukiendesha barabara ya vumbi vioo vikiwa wazi, vumbi linaishia kwenye feni. Betri inapata joto, inazeeka haraka. Kusafisha feni ni kazi ndogo, lakini gereji nyingi za mtaani hazigusi kabisa, na wenye magari hawaulizi.

Barabara zenyewe pia. Uvungu wa Aqua ni kama sentimita 14 tu. Matuta ya mtaani unayajua.

Fundi wa kweli ni wachache

Kwenye Prius na Aqua, umeme wa betri hupandishwa na inveta hadi volti 500 au zaidi kabla ya kufika kwenye mota. Nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa makusudi: ni onyo. Fundi anatakiwa achomoe plagi ya usalama, avae glavu maalumu na asubiri dakika kadhaa ndipo aguse. Fundi wa "tujaribu tuone" anaweza kupoteza maisha, na wewe kupoteza gari.

Hata AC ina mtego wake. Kwenye Prius na Aqua, kompresa inazungushwa na umeme, si mkanda wa injini, na inataka oili ya aina yake isiyopitisha umeme. Fundi akiweka oili ya kawaida ya AC, umeme unaanza kuvuja ndani ya mfumo na gari linawasha taa ya hitilafu. Kujaza gesi kwa bei rahisi kumewagharimu watu kompresa nzima.

Kisha kuna makosa ya kiwandani. Februari 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani, nyingi zikiwa za Japani na Marekani, kwa sababu programu ya inveta ingeweza kusababisha kifaa hicho kupata joto na gari kupoteza nguvu. Honda nayo iliita Fit ya haibridi mara kadhaa kati ya 2013 na 2014, na sehemu ya tatizo ilikuwa gia boksi. Marekebisho yalifanywa bure kwa waliorudisha magari. Hilo unalonunua lilirudishwa? Namba ya chesisi ndiyo inayojibu: muuzaji akupe, uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza.

Likizima njiani

Mbinu za kawaida za barabarani hapa hazifanyi kazi. Haliwaki kwa kusukumwa. Kulivuta kwa kamba mwendo mrefu magurudumu ya mbele yakiwa chini kunazungusha mota na kuzalisha umeme, kwa hiyo linatakiwa libebwe, au magurudumu ya mbele yainuliwe.

Mafuta yakiisha, gari linaendelea kidogo kwa umeme, na hapo wengine wanakosea kwa kulilazimisha lifike sheli. Betri kubwa ndiyo inayowasha injini. Ukiimaliza, hata ukileta petroli kwenye dumu gari haliwaki, na kuchukua moto kwa gari la jirani hakusaidii, maana moto huo unakwenda kwenye betri ndogo ya volti 12.

Hiyo betri ndogo nayo ina vituko. Ikifa, gari zima linakuwa bubu na mwenye gari anaamini betri kubwa imekufa. Wapo waliotajiwa mamilioni kwa tatizo la betri ndogo tu. Ianze kupimwa hiyo.

Aliyeko nje ya nchi na gari lake limekaa nyumbani ampe mtu kazi ya kuliwasha na kuliendesha. Likikaa miezi bila kuguswa, betri zote mbili zinashuka.

Mchezo wa yadi

Betri ikianza kuchoka utaona geji yake inajaa haraka na kushuka haraka, feni ya nyuma inavuma, injini inawaka kila dakika, na mwisho taa ya onyo inabaki kwenye dashibodi. Muuzaji mjanja anaifuta taa hiyo kwa mashine asubuhi, wewe unakuja saa nne, unaliona safi. Inarudi baada ya siku chache, na wewe umeshalipa. Mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo usiridhike na mzunguko wa dakika 5 kuzunguka yadi. Nenda na fundi anayejua haibridi, aje na mashine inayosoma volti za betri sehemu kwa sehemu, mliendeshe hata saa nzima, mpande mlima na mkae foleni AC ikiwa imewashwa. Sehemu zikiachana sana volti wakati wa kukanyaga mafuta, betri imechoka, hata kama hakuna taa. Mashine hiyohiyo huonyesha pia kama kumbukumbu ya hitilafu ilifutwa karibuni. Muuzaji akisema gari haliruhusiwi kutoka yadi, mwachie.